Somo: Kujaza ritani ya kodi ya Marekani baada ya kustaafu na kurudi nyumbani

Shikamooni wakubwa wangu, na wengine habari za siku. Mwezi huu watu watatu wameniuliza jambo moja kwa sauti ya chini: "Mimi nimesharudi Malindi, kodi ya Marekani bado yanihusu?" Yakuhusu. Marekani humtoza raia wake kodi popote anapoishi, na mwenye kadi ya kijani vilevile. Kadi kuisha muda hakukutoi. Utaendelea kuhesabiwa mpaka uirudishe rasmi kwa fomu I-407.

Msiogope lakini. Kwa wengi wetu tuliofanya kazi hospitalini, viwandani na kwenye nyumba za wazee, kodi yenyewe huwa ndogo au haipo kabisa. Kinachotuumiza ni karatasi ambazo hatukuzipeleka. Takwimu nitakazotoa ni za mapato ya mwaka 2025.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

SSA-1099 yaonyesha Social Security, yaani malipo ya uzeeni ya serikali ya Marekani, uliyolipwa, na 1099-R yaonyesha pensheni au fedha ulizotoa kwenye akiba ya uzeeni. Posta ikichelewa, SSA-1099 waipata kwenye akaunti yako ya Social Security mtandaoni. Chukua pia taarifa za benki zako za hapa, hata kama riba ni shilingi mia tatu, kwani riba ya Kenya ni mapato huko pia. Geuza shilingi kuwa dola kwa wastani wa mwaka mzima, na kiwango ulichoanza nacho umalize nacho.

Hatua ya 2: Jua kama walazimika kujaza

Asiye na ndoa aliyetimiza miaka 65 hujaza mapato yake yakifika dola 17,750. Social Security isiyotozwa kodi haiingii katika hesabu hiyo. Lakini aliye katika ndoa na anayejaza peke yake, kiwango chake ni dola 5. Ndiyo, tano. Akina mama wengi wenye waume wasio raia wameangukia hapa bila kujua.

Hatua ya 3: Hesabu ya Social Security

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo watu hulipa wasichodaiwa. Chukua nusu ya Social Security yako, ongeza mapato mengine yote. Kwa asiye na ndoa, jumla isipozidi dola 25,000, Social Security yote haitozwi. Kwa mume na mke wanaojaza pamoja ni 32,000. Ukizidi hapo, sehemu yake hutozwa, na haiwezi kupita asilimia 85.

Tuseme mjane wa miaka 68 apokea Social Security dola 19,200 na pensheni dola 24,000. Nusu ya 19,200 ni 9,600. Ukijumlisha na pensheni wapata 33,600. Amezidi 25,000 kwa 8,600, na nusu ya ziada hiyo, 4,300, ndiyo sehemu ya Social Security itakayotozwa. Mapato yake ya kodi basi ni 28,300. Toa punguzo la kawaida la 17,750, kisha toa 6,000 za punguzo jipya la wazee, lililopitishwa Julai 2025 kwa mwaka 2025 hadi 2028. Zabaki 4,550. Asilimia 10 yake ni dola 455. Mtu wa dola 43,200 kwa mwaka!

Hatua ya 4: Fomu yenyewe

Wazee hutumia 1040-SR, ambayo ni 1040, fomu kuu ya ritani, ile ile kwa maandishi makubwa. Tahadharini na fomu 2555. Ile ya kuondoa mapato yaliyopatikana nje ni ya mshahara na kazi, si ya pensheni wala Social Security. Mwaka wangu wa kwanza hapa nililipa mtu anijazie, akaiweka pensheni yangu yote humo. Baadaye nikalipa kodi niliyokuwa nadaiwa, na riba juu. Kama ulilipa kodi ya mapato Kenya, ya kuangalia ni fomu 1116, ya kupunguziwa kodi uliyokwisha kulipa nchi nyingine, maana Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato.

Hatua ya 5: FBAR

Hii ni taarifa ya akaunti zako za benki za nje ya Marekani. Haiendi pamoja na ritani, na hutakiwa hata kwa asiyelazimika kujaza ritani. Jumlisha kiwango cha juu kabisa ambacho kila akaunti yako ya nje ya Marekani ilifika katika mwaka. Jumla ikipita dola 10,000, hata kwa siku moja, ziandikishe zote. Ulituma dola 15,000 za kununua kiwanja Watamu, zikalala benki usiku mmoja? Tayari. Kiwanja chenyewe, kikiwa kwa jina lako, hakiandikwi. Fomu ni FinCEN 114, hujazwa mtandaoni bila malipo, na haina kodi ndani yake. Lakini adhabu ya kutoipeleka yaweza kupita dola 10,000 kwa mwaka mmoja, hata kwa aliyesahau tu.

Mwenye mali nyingi zaidi, kuanzia dola 200,000 kwenye akaunti za nje kwa asiye na ndoa, aangalie pia fomu 8938, ya kutaja mali za fedha zilizo nje.

Hatua ya 6: Tarehe

Tunaoishi nje tuna hadi Juni 15, lakini kodi unayodaiwa yaanza kuhesabiwa riba tangu Aprili 15. Ukihitaji muda zaidi, fomu 4868 yakufikisha Oktoba 15. FBAR nayo huongezewa hadi Oktoba 15 bila kuomba. Msifunge akaunti zenu za benki za Marekani. Bila hizo kulipa na kurudishiwa fedha ni taabu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Sijajaza tangu nirudi, miaka saba sasa. Nina hofu hata ya kuanza.*

Marahaba mwanangu. Kuna mlango wa watu kama wewe, waishio nje na ambao hawakuficha kwa makusudi. Wapeleka ritani za miaka 3 na FBAR za miaka 6, pamoja na fomu 14653 ambamo waeleza kwa maneno yako kwa nini hukujaza. Walipa kodi na riba kama ipo, adhabu hakuna. Sharti ni kwamba katika mmoja wa miaka hiyo mitatu ulikuwa nje siku 330 au zaidi, huna makao kule, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hawajaanza kukukagua. Ndiyo maana nasema anza sasa.

*Dada, mume wangu ni Mkenya, mkulima, hana kipato cha maana. Nijaze peke yangu?*

Hapana dada. Mkiishi nyumba moja na ukajaza peke yako, Social Security yako huanza kutozwa tangu dola ya kwanza. Mwaweza kuchagua mumeo ahesabiwe kama mkaazi, mjaze pamoja. Mwambatanishe tamko lililotiwa saini na nyote wawili, na fomu W-7 apate nambari ya kodi. Mapato yake ya shamba yataingia, lakini kwa mlivyo bado mwafaidika.

*Jimbo nililotoka laweza kuidai pensheni yangu?*

Tangu 1996 sheria ya taifa yakataza jimbo kutoza pensheni ya asiye mkaazi wake. Ila uwe umeondoka kweli: leseni ya udereva, kura, nyumba uliyoiita makao.

*Mimi ni mweka hazina wa msikiti. Fedha si zangu, lakini natia saini hundi.*

Akaunti hiyo yaingia kwenye FBAR yako, kaka. Ina sehemu yake maalumu, ya wenye saini tu. Waambie wanakamati wenzako mapema kwamba utaiandikisha, wasije wakasikia pengine.