Klabu ya haki za binadamu shuleni: namna ya kuianzisha isife muhula wa pili

Klabu nyingi za haki za binadamu huzaliwa kwa shangwe na kufa kimyakimya. Siku ya uzinduzi kuna fulana, bango na mgeni rasmi. Muhula unaofuata wamebaki wanafunzi sita na mwalimu anayesubiri uhamisho. Si mara zote tatizo ni fedha. Mara nyingi wanafunzi wamekaririshwa majina ya haki, hawakufundishwa kuzitumia pale wanapoishi: bwenini, mstarini, kwenye foleni ya chakula.

Maelekezo haya yamelenga sekondari za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Watoto ya 2011, kwa hiyo vifungu vya huko visomwe upya kabla ya kufundishwa.

Kabla ya kumwona mkuu wa shule

Tafuta walimu walezi wawili, mwanamke na mwanamume. Tafuta nakala tatu za Katiba ya mwaka 1977, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kwa Kiswahili, Sheria ya Mtoto ya 2009, na sheria ndogo za shule yenyewe. Hizi za mwisho ndizo zinazosahaulika, na ndizo zitakazofanya kazi kubwa kuliko zote. Ongeza manila nne, kalamu rashasha, mkasi na daftari gumu moja.

Barua ya kuomba kibali isizidi ukurasa mmoja. Itaje siku na saa ya kukutana (dakika 60 kwa wiki zinatosha), majina ya walezi, mada za muhula mmoja, na jambo ambalo mkuu wa shule yeyote atauliza hata asipolisema: mtoto akileta malalamiko juu ya mwalimu, yanakwenda wapi? Ukiliacha wazi, utasikia "tutalijadili", na hilo halitajadiliwa. Nakala moja mpelekee afisa elimu kata.

Wanachama wawe 30. Chukua sawa wasichana na wavulana, kutoka kila mkondo, na viranja wasizidi watano. Klabu ya viranja watupu huonekana na wenzao kuwa tawi la ofisi ya nidhamu. Wa kidato cha nne waache waje wakipenda, ila uongozi ushikwe na kidato cha pili na cha tatu, maana kufikia katikati ya mwaka akili za wa nne ziko kwenye mtihani. Shule ya kutwa ikikutana saa kumi jioni, wasichana wanaotembea mbali watakosa. Omba nafasi ndani ya siku ya michezo.

Kipindi cha kwanza: kadi 30

Tamko lina ibara 30. Kata manila upate kadi 30, kila kadi ibara moja kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida. Usinakili maneno ya kisheria. Gawa wanafunzi makundi matano ya watu sita, kila kundi kadi sita, dakika 20. Kazi yao ni kupanga kadi katika mafungu matatu: haki hii tunaiona hapa shuleni, hatuioni, hatujui. Fungu la tatu ndilo lenye somo, kwa hiyo usiharakishe kulijibu.

Kisha kila kundi litafute ndugu wa kadi zake ndani ya Katiba, ibara ya 12 hadi 24. Faragha iko ibara ya 16. Hapo ndipo mjadala wa kupekua masanduku bwenini unapoanzia. Uhuru wa maoni uko ibara ya 18. Ibara ya 13(6)(e) inakataza adhabu "zinazomtweza" mtu. Wengi hawajui kutweza ni nini. Waambie ni kumshusha mtu hadhi, halafu waandike mifano kutoka shuleni bila kutaja majina. Kumvalisha mtu kibao kifuani kwa sababu amezungumza Kiswahili ni mfano utakaotokea karibu kila darasa.

Kuna mtego mmoja hapa. Elimu imetajwa katika ibara ya 11, lakini ibara hiyo iko kwenye sehemu ambayo, kwa mujibu wa ibara ya 7(2), mahakama haiwezi kuitolea hukumu. Mwalimu asiyelijua hili huwaahidi wanafunzi kesi isiyokuwepo. Waonyeshe mahali haki ya elimu inapopata meno: katika Sheria ya Mtoto.

Viboko

Swali hili litakuja wiki ya pili, na klabu nyingi huvunjikia hapa. Wanafunzi husimama mstarini wakasema viboko ni marufuku. Mkuu wa shule anatoa kanuni za adhabu ya viboko za 2002, anasoma, na klabu inaonekana ya waongo. Kenya adhabu hiyo imekatazwa kisheria, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema hivyo waziwazi. Tanzania Bara kanuni bado zinairuhusu, ila kwa masharti ambayo walimu wengi hawajawahi kuyasoma:

- Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyekabidhiwa mamlaka hayo kwa maandishi, tena kwa idhini ya kila tukio.
- Viboko visizidi vinne.
- Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina hata mmoja.
- Kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu: jina, kosa, idadi, aliyechapa.

Mwalimu mlezi, si mwanafunzi, aombe kuliona daftari hilo. Likiwa halipo, klabu imepata kazi yake ya kwanza, na ni kazi ambayo hakuna mkuu wa shule anayeweza kuiita utovu wa nidhamu, kwa kuwa mnaomba kanuni ya serikali ifuatwe. Daftari likianza kujazwa, viboko vya holela hupungua, kwani si rahisi kuandika jina lako mbele ya "ameshindwa hesabu". Baada ya hapo fungueni mjadala mpana: Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto inataka adhabu ya viboko ifutwe kabisa. Wanafunzi wajue mambo yote mawili, sheria ilivyo na sheria inavyotakiwa iwe, na wasiyachanganye.

Mtaambiwa pia kwamba haki inaendana na wajibu. Ni kweli wajibu umo kwenye Katiba, ibara ya 25 hadi 28. Ila hakuna ibara inayosema asiyefagia ateswe. Na wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, wakumbusheni kwamba Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na mahakama yake iko Arusha.

Sanduku la maoni

Masanduku mengi ya maoni yana buibui. Sababu ni mahali lilipowekwa: mlangoni kwa ofisi ya walimu, ambapo kila anayekaribia anaonekana. Liweke karibu na maktaba au njia ya vyooni. Funga kufuli mbili tofauti. Ufunguo mmoja awe nao mwalimu wa malezi, wa pili mjumbe wa bodi ya shule asiye mwalimu. Lifunguliwe kila Ijumaa, wote wawili wakiwepo.

Tatizo la pili ni mwandiko. Mwalimu wa darasa anaufahamu mwandiko wa kila mwanafunzi wake. Tengeneza fomu ya kuweka alama ya vema, yenye nafasi ndogo ya maneno yanayoandikwa kwa herufi kubwa. Halafu, mara moja kwa wiki, kila mwanafunzi wa shule atumbukize karatasi, hata kama ni tupu. Hapo mwenye la kusema hatofautishwi na asiye nalo.

Majibu yabandikwe ubaoni ndani ya siku saba: nini kimepokelewa, nini kimefanyika, nini hakiwezekani na kwa nini. Wiki mbili bila jibu zinatosha kuliua sanduku.

Ukatili wa kingono, kipigo kilichojeruhi au tishio la kuozwa havingojei Ijumaa. Siku hiyohiyo apewe taarifa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Mlezi asikilize, aandike maneno ya mtoto kama yalivyo, na aishie hapo. Kumhoji tena, kumkutanisha na mtuhumiwa au kuita familia mbili "zielewane" huharibu ushahidi na kumrudisha mtoto mikononi mwa anayemuumiza. Klabu si baraza la usuluhishi.

Kutoka nje ya geti

Msisubiri Disemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, maana kwa kawaida shule zimeshafungwa. Tumieni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu unapaswa kuitwa kila miezi mitatu. Wiki mbili kabla, mwombeni mtendaji na mwenyekiti wa kijiji dakika 20 kwenye ajenda, katikati ya mkutano. Mwanzoni watu hawajafika, mwishoni wameshaondoka.

Dakika kumi ni igizo, jambo moja tu. Mfano: baba anataka kumwoza binti wa kidato cha pili. Isiwe nakala ya familia inayojulikana pale kijijini. Watu wataitambua hata mkibadili majina, na atakayelipa ni yule binti. Dakika tano ni sheria kwa lugha nyepesi: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Tena, kwa waraka wa mwaka 2021, binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Hili la pili wazazi wengi hawajalisikia. Dakika tano za mwisho ni maswali, na ya sheria yajibiwe na msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na ofisi ya kata huwajua waliopo. Mwanafunzi asiachwe ajibizane na wazee juu ya mirathi.

Kabla ya uhamisho

Jaribio la kutaja ibara kwa mpangilio halipimi kitu. Mwanzo na mwisho wa muhula, wape wanafunzi 50 wasio wanachama maswali matatu: ukionewa utamwambia nani, kuna nini ndani ya sheria za shule kuhusu adhabu, na ulipolalamika mara ya mwisho ulijibiwa baada ya siku ngapi. Linganisheni majibu ya mara mbili hizo.

Mlezi akihamishwa, aache faili moja kwa mlezi mwenzake: kibali cha mkuu wa shule, daftari la mahudhurio, kadi 30 ndani ya bahasha, fomu tupu za sanduku, na namba za afisa ustawi, Dawati la Jinsia na msaidizi wa kisheria. Akiwa yeye ndiye mwalimu wa malezi, ufunguo wa sanduku ukabidhiwe kwa maandishi, siku hiyohiyo barua ya uhamisho inapofika.