Dar hadi Morningside, kwenye milima ya Uluguru juu ya Morogoro, na kurudi siku moja

Panda treni ya SGR ya kwanza asubuhi. Chini ya saa mbili uko Morogoro. Tafuta kiongozi mwenyeji, beba maji lita 3, ndizi na chumvi kidogo. Mji uko mita 500 hivi juu ya bahari, Morningside karibu 1,300. Kosa la wengi ni kwenda mbio bondeni, kando ya mto; mwinuko ukianza, pumzi imeshakata. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kuongea.

Kushuka ndiko kunakoumiza: vidole hugonga ncha ya kiatu, kucha zinakuwa nyeusi. Kata kucha jana yake, kaza kamba kwenye kifundo, vidoleni legeza. Masika udongo mwekundu huteleza kama sabuni, shika fimbo. Saa nane mchana geuka, hata kama hujafika.