Kabla hujaanza kumhudumia mteja kwa simu

Kila kikao changu cha ushauri wa afya ya akili kwa simu huanza na swali: uko wapi sasa hivi, na nani yuko karibu? Wateja wapya hucheka, wanaona kama naomba lokesheni kwa ajili ya bodaboda. Lakini kuna mama aliwahi kuniambia yuko chumbani peke yake, na dakika ya ishirini nikasikia mtu akikohoa, tena kikohozi cha kiume. Ilikuwa nyumba ya kupanga, tuseme Manzese (mtaa nimeubadilisha), ambayo kuta za vyumba hazifiki darini. Jirani alikuwa ameshaisikia ndoa yake yote.

Kwa hiyo kabla hata ya kupanga siku, kubalianeni neno la kujikinga. Wateja wangu wengi hutumia kikoba: mtu akisema "hesabu za kikoba tutaongea kesho", najua kuna aliyeingia, nakata. Tazama na malipo. Ujumbe wa lipa namba hutaja jina la biashara, na mume akishika simu akakuta mkewe amelipia "ushauri wa afya ya akili", siri imeshatoka. Sajili jina lisilosema kitu.

Dharura ndiyo inayoninyima usingizi. Chukua mapema anakoishi mteja, hadi jina la mjumbe, na namba ya ndugu aliyemchagua mwenyewe, pamoja na hospitali iliyo karibu naye: Mwananyamala, Amana, Temeke. Mteja wa Kigamboni akikwambia saa nne usiku kwamba amemeza vidonge, wewe uliye Mbezi hufiki. Unachoweza ni kumwamsha mtu aliye mlango wa pili. Polisi usiwakimbilie kwa papara, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Na kwa sababu hiyohiyo, pima unachoandika kwenye faili.

Usiri una mipaka, na mipaka hiyo iwe kwenye fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili ambacho hata shangazi yako angekielewa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwenye serikali za mitaa. Mteja asije kulijua hilo akiwa ameshakusimulia.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, na anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sisi wenye ofisi ya chumba kimoja tunapenda kuamini kwamba hayo ni mambo ya mabenki. Ebu fungua simu yako: ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa asiusome mtu wa kati, lakini nakala ya akiba inayopandishwa Google usiku haifungwi namna hiyo mpaka uwashe kinga yake mwenyewe. Hapo maneno ya mteja yameshavuka mpaka wa nchi, na sheria ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Ufini waliliona hili mwaka 2020: maelezo ya vikao vya maelfu ya wateja wa Vastaamo, kampuni ya tiba ya kisaikolojia, yalikuwa yameibwa kabla, na mwaka huo mwizi akawaandikia wateja wenyewe, mmoja mmoja, akidai pesa ili asiyaanike.

Kwa Mtanzania aliyeko Marekani nitasema kwa ufupi. Huko leseni hutolewa na kila jimbo, na kinachoangaliwa hasa ni alipo mteja. Mimi humwelekeza kwa mtaalamu wa hukohuko.

La mwisho linaonekana dogo. Mei 2024, nyaya za intaneti zilipokatika baharini, nilikuwa na kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kulia. Picha ikaganda, sauti ikapotea. Mimi nikasubiri apige, yeye akasubiri nipige, kila mmoja akiogopa kumsumbua mwenzake. Siku hizi fomu yangu ina mstari huu: tukikatika, mimi ndiye nitapiga, kwa simu ya kawaida, ndani ya dakika tano.