Machi ikikuchekea asubuhi: jinsi ya kujiandaa na baridi ya ghafla, upepo na theluji hapa Buffalo

Kama huu ndio mwaka wako wa kwanza Buffalo, jimbo la New York, na umeona jua la Machi likiyeyusha theluji ya uani, naomba lile jaketi zito usilikunje bado. Mwisho wa majira ya baridi huku una siku za aina moja ambazo zinanitia wasiwasi kuliko zile za Januari. Unaamka nje kuna nyuzi 45 za Fahrenheit, sawa na 7 za Selsiasi, upepo wa kusini ni vuguvugu, manyunyu yanadondoka, watoto wanatoka na sweta tu. Ikifika alasiri upepo umegeuka, unavuma kutoka magharibi na kuvunja matawi, joto limeporomoka hadi nyuzi 20 za Fahrenheit, karibu 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na theluji inapita kwa vipindi: sasa hivi huioni nyumba ya ng'ambo ya barabara, baada ya muda jua linawaka, halafu giza tena.

Mimi ni mtu wa Makambako, Tanzania, upepo na baridi nimekua navyo. Lakini baridi ya Juni kule nyumbani huja taratibu, mtu anaizoea. Hii ya huku inaweza kuingia ndani ya saa moja. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wenzangu wengi, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, wanatoka majumbani jioni, saa ileile barabara zilizolowa mvua zinapoganda. Haya naandika kwa ajili yao.

Kinachotokea ni hiki. Hewa baridi inayotoka Kanada ni nzito, na hewa vuguvugu iliyotangulia ni nyepesi. Ile nzito inajipenyeza chini ya nyepesi kama kabari na kuinyanyua, na huko juu unyevu unageuka mawingu, mvua, kisha theluji. Hewa nzito inaposhuka, inateremsha nayo upepo mkali uliokuwa juu. Halafu tuna Ziwa Erie. Katika yale Maziwa Makuu matano ya huku, hilo ndilo lenye kina kifupi kuliko yote, na limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, Buffalo ikiwa kwenye ncha yake. Upepo wa kusini-magharibi unakimbia juu ya ziwa zaidi ya kilomita 300 bila kizuizi, na wa kuupokea ni sisi. Mwishoni mwa Februari 2020 upepo wa namna hiyo ulirusha mawimbi kwenye nyumba za Hoover Beach, pale Hamburg, kusini kidogo ya mji wetu. Maji yaliganda kila yalipotua, mpaka milango na madirisha yakafunikwa barafu nene.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuijua saa ya kugeuka. Usiku wa kuamkia siku yenyewe fungua weather.gov, tovuti ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, andika namba ya posta ya mtaa wako. Usiridhike na joto la juu la siku, maana ile 45 huenda ni ya alfajiri. Tafuta utabiri wa saa kwa saa, kisha angalia ni saa ngapi joto linaanza kuporomoka, na ni saa ngapi upepo unaacha kusini na kuhamia magharibi. Saa hiyo iandike kwenye karatasi, ibandike kwenye friji, mwambie kila mtu wa nyumbani. Kila jambo ninalotaja hapa chini liwe limekamilika kabla ya hapo. Angalia pia kasi ya vishindo vya upepo: vikitabiriwa kufika maili 58 kwa saa, karibu kilomita 93, idara hutoa onyo la upepo mkali, na ukiliona hilo hesabu kwamba umeme unaweza kukatika. Machi miti iko hatarini zaidi, kwa sababu ardhi imelowa na mizizi haishiki vizuri.

Uani hakuna kazi kubwa. Mapipa ya taka yaingize nyuma ya nyumba, baiskeli na viti vya plastiki viweke ndani, gari usilipaki chini ya mti mkubwa. Ndani, chaji simu zote na pawabenki, tafuta tochi na betri zake, jaza maji kwenye sufuria kadhaa. Wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za zamani za mbao za West Side na East Side, na upepo wa magharibi unapita kwenye kila upenyo. Kunja blanketi kuukuu au taulo nene, ziba chini ya mlango. Sinki iliyo kwenye ukuta wa nje, fungua kabati lake ili joto la chumba lifikie bomba, na usiku wa baridi kali acha bomba lidondoshe maji kidogo kidogo lisigande.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Umeme ukikatika na nyumba ikaanza kupoa, usiingize jiko la mkaa ndani. Usiwashe jiko la gesi wala oveni ili upate joto. Jenereta usiiweke kibarazani, wala kwenye gereji hata kama mlango uko wazi. Ikae nje, angalau futi 20 kutoka kwenye nyumba, moshi ukielekea mbali na madirisha. Najua kwetu tumelala na jiko la mkaa usiku wa baridi, wazazi wetu walifanya hivyo, na wapo waliokufa kwalo bila watu kuelewa chanzo. Nyumba za huku zimezibwa zaidi. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambavyo mtu aliyetoka zamu ya usiku atavidhania kuwa uchovu. Hakikisha kila ghorofa ina kengele ya kaboni monoksaidi yenye betri nzima. Ikilia, toeni watoto nje hata kama theluji inapiga, kisha pigeni 911. Ukikosa joto kabisa, kusanyikeni wote chumba kimoja kidogo, funga mlango, ning'iniza blanketi dirishani, valianeni nguo juu ya nguo. Na kama uliishiwa pesa za kupashia nyumba joto, jimbo la New York lina mpango uitwao HEAP unaosaidia gharama hizo, pamoja na msaada wa dharura. Uliza kwenye ofisi ya huduma za jamii ya kaunti au kwa shirika lililokupokea, mapema, msimu wa maombi ukiwa bado wazi.

Kuvaa. Upepo ndio unaoua joto la mwili. Nje kukiwa na nyuzi 20 na upepo wa maili 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 1, yaani nyuzi 17 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Kwa hiyo vazi la juu kabisa liwe la kuzuia upepo, hata kama ni jepesi, na chini yake sweta mbili ni bora kuliko moja nene. Pamba ikilowa jasho au mvua inakaa na maji. Soksi za sufu ni bora. Ukisubiri basi, simama nyuma ya ukuta au ndani ya kibanda, geuza mgongo upande wa ziwa.

Mtoto mgongoni kwa kitenge anapata joto lako, lakini chungulia miguu na masikio yake. Mara nyingi ndivyo vinavyobaki nje. Kwenye gari, usimfunge mkanda wa kiti chake akiwa na jaketi nene. Jaketi linabonyea ajali ikitokea, mkanda unabaki umelegea na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue jaketi, kaza mkanda, kisha mfunike blanketi juu ya mkanda.

Gari nalo lina mambo yake. Tangi lisishuke chini ya nusu. Maji ya wipa yawe yale yasiyoganda. Ndani weka kikwaruzi cha kioo, beleshi fupi, blanketi, maji, kitu cha kula, waya wa kuchajia simu. Ukipaki kazini jioni, elekeza pua ya gari upande upepo unakotoka, na unapofungua mlango ushike kwa mikono miwili. Upepo ukiingia kwa nyuma unaupokonya mlango mkononi na kuupinda bawaba. Asubuhi futa gari lote, paa pia, maana theluji ya paa hukuporomokea kiooni ukikanyaga breki, au humwangukia mwenye gari la nyuma. Usimwage maji ya moto kwenye kioo kilichoganda, kinaweza kupasuka. Washa hita ipulize kioo cha mbele, kwaruza kutoka pembeni kuja katikati, nyanyua wipa polepole zikishalegea.

Barabarani, tofautisha theluji ya kawaida na ile ya ghafla. Ya kawaida unaiona ikijaa taratibu. Ile ya ghafla inakuja kama ukuta mweupe pamoja na upepo, mara nyingi inadumu chini ya saa moja, na huenda isiache theluji nyingi. Ubaya wake ni kwamba unakuwa kwenye mwendo wa haiwei, jua limekuwa likiwaka, na kufumba na kufumbua huoni boneti la gari lako, huku lami iliyokuwa na maji ikigeuka barafu. Tarehe 28 Machi 2022, kwenye barabara ya I-81 katika kaunti ya Schuylkill, Pennsylvania, theluji ya namna hiyo ilisababisha magari yapatayo 80 kugongana, na watu 6 walifariki. Tangu 2018 Idara ya Hali ya Hewa hutoa onyo maalumu. Simu yako ikilia na ukasoma Snow Squall Warning, yaani onyo la theluji ya ghafla, kama hujaondoka, usiondoke. Subiri. Chelewa kazini. Mpigie msimamizi wako, mwambie kuna onyo, utafika likipita.

Likikukuta njiani, toka kwenye haiwei kwa njia ya kutokea iliyo karibu, ingia kituo cha mafuta, tulia. Kama hakuna pa kutokea, ondoa mguu kwenye mafuta kidogo kidogo, washa taa za chini, acha nafasi kubwa mbele yako. Taa kali za juu zinagonga theluji na kukurudia machoni. Usikanyage breki kwa nguvu na usisimame katikati ya njia, wa nyuma yako hakuoni. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu baridi inayapata juu na chini. Gari likiteleza, legeza mafuta, elekeza usukani kule unakotaka kwenda, usihangaike kwa kuzungusha huku na huku. Kabla ya kuondoka pitia 511NY uone hali ya barabara. Skyway, ile barabara ya juu iliyo kando ya ziwa, hufungwa mara kwa mara upepo ukizidi, basi panga njia nyingine. Na kaunti ikitangaza marufuku ya kuendesha, kuendesha ni kosa la kisheria.

Ukikwama kwenye theluji nzito, baki ndani ya gari. Desemba 23, 2022 hapa siku ilianza na mvua, asubuhi hiyohiyo ikageuka theluji na upepo mkali uliodumu siku kadhaa. Watu zaidi ya 40 wa eneo letu walifariki, baadhi ndani ya magari na baadhi wakiwa njiani kwa miguu. Gari linaonekana na waokoaji, mtu peke yake haonekani. Washa injini dakika kama 10 kila saa, lakini kila mara kabla ya kuwasha hakikisha bomba la eksozi halijazibwa na theluji, na fungua kioo kidogo upande usiopigwa na upepo. Hewa ileile ya jiko la mkaa inatoka hapo.

Jambo lingine ambalo vipeperushi vingi havituelezi sisi. Wanaandika kwamba ngozi iliyoganda huwa nyekundu, kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza usionekane. Tazama ngozi iliyopauka na kuwa ya kijivu, ngumu na laini juu kama nta, na usiyoihisi ukiigusa: ncha za vidole, pua, masikio. Mzee mmoja tuliyempokea kazini alikuwa akisema vidole vimepona kwa sababu havimuumi tena, kumbe kutouma ndiko kulikokuwa dalili. Usisugue, usipake theluji, usimweke mbele ya moto. Tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, mtu mwingine mwenye mikono yenye hisia akiyapima, kisha mpeleke hospitali. Na ukiona mtu anatetemeka sana, kisha anaacha kutetemeka, anaongea kwa kukokota maneno au anapepesuka, hiyo ni dharura: mvue nguo zilizolowa, mfunike kifua na kichwa kwanza, piga 911.

Upepo ukitulia usikimbilie nje. Waya wa umeme ulioanguka, hata kama umelala kimya kwenye theluji, kaa mbali nao angalau futi 30, piga 911. Kagua bomba la nje la kutolea moshi wa tanuru la nyumba na la mashine ya maji moto, liondolee theluji. Ngazi zimwagie chumvi mapema, maana ya kawaida hupungua nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Kama una mzee jirani anayeishi peke yake, mgongee mlango.

Kuhusu simu: Kiingereza kisikuzuie. Ukipiga 911, taja anwani kwanza, namba ya nyumba na jina la mtaa, halafu sema neno moja, Swahili. Watakutafutia mkalimani kwenye laini, subiri bila kukata. Mambo yasiyo ya dharura, kama barabara yako kutosafishwa, piga 311. Anwani yenu wafundishe watoto waikariri, tena kwa Kiingereza, usiku wa leo.