Ukuta wako wa kwanza ni wa kubomoa: anza kujenga kwa matofali ya kuchoma

Mvua zikishakatika na baridi ya Juni ikaingia, vijana huanza kunifuata hapa Kihesa, Iringa. "Shikamoo fundi, nataka kujifunza kujenga." Msimu wenyewe ndio huo: mabondeni watu wanafyatua tofali, matanuri yanafuka, kila mwenye kiwanja anatafuta fundi. Wengi hudhani nitawapeleka saiti siku hiyohiyo. Mimi huwaambia watafute matofali 80, udongo na mahali ambapo hakuna atakayewacheka. Saruji hawaigusi kwanza. Saruji ikishakamata, kosa lako limekamata nalo, lakini ukuta wa udongo unaubomoa jioni na kesho unaujenga upya kwa matofali yaleyale.

Hatua ya 1: Vifaa

Mwiko, timazi, pimamaji, uzi wa nailoni, futi, nyundo, chepe, karai na ndoo mbili. Kama hela ni ya kifaa kimoja tu, nunua mwiko mzuri, vingine utaazima. Timazi unaweza kulitengeneza kwa uzi na kipande cha nondo.

Pimamaji usiliamini kwa sababu ni jipya. Liweke juu ya ubao, angalia kipovu cha hewa kimekaa wapi, kisha ligeuze, ncha ya kulia iende kushoto. Kipovu kikihama, pimamaji hilo ni bovu, lirudishe dukani.

Tafuta pia ubao mmoja ulionyooka, hata banzi la kutoka Mafinga lililopigwa randa upande mmoja. Utakuja kuona kazi yake.

Hatua ya 2: Chagua matofali

Gonganisha mawili. Lililoiva hulia kama chungu kizima, bichi hutoa sauti ya kufa. Likwaruze kwa kucha: likitoa unga, lilikuwa pembeni mwa tanuri ambako moto haukufika. Ya namna hiyo yanafaa kwa mazoezi tu, usije ukayapeleka kwenye nyumba ya mtu.

Sasa pima. Kila mfyatuaji ana kibao chake cha kufyatulia, kwa hiyo tofali la Ilula si lazima lilingane na la Ipogolo. Ninayotumia mimi yana urefu wa sm 22, upana sm 10 na kimo sm 8. Linalotakiwa ni kwamba upana mara mbili, ukijumlisha kiungo kimoja (udongo ulio kati ya tofali na tofali), ukaribie urefu. Usipokaribia, kona zitakusumbua mpaka uchoke.

Hatua ya 3: Udongo

Wa kichuguu ndio mtamu, unanata. Uloweke usiku kucha, asubuhi ukanyage kwa miguu mpaka mabonge yaishe. Chota kwa mwiko, uinamishe: udongo uteleze polepole. Ukimwagika, maji yamezidi. Uking'ang'ania, ongeza mchanga kidogo.

Hatua ya 4: Pata kona ya mraba

Tunajenga ukuta wa nusu tofali, yaani unene wake ni upana wa tofali moja, wenye kona moja, kila upande matofali matano, kozi (mistari ya matofali) nane. Sawazisha ardhi, shindilia, vuta nyuzi mbili zikutane. Kutoka pale zinapokutana, pima sm 60 kwenye uzi mmoja na sm 80 kwenye wa pili, utie alama. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa sm 100 kamili, kona ni mraba. Ukiwa 98 au 102, sogeza uzi mmoja. Usisogeze futi (nimewaona wanaofanya hivyo).

Hatua ya 5: Panga makavu

Laza kozi ya kwanza bila udongo, ukiacha nafasi ya kidole kati ya tofali na tofali. Hapo ndipo utakapojua kama unahitaji vipande, nawe bado hujachafuka mikono. Upande mmoja utaishia na nusu, na kozi inayofuata nusu itahamia upande mwingine. Tofali la kona hugeuka kila kozi: kozi hii limelala kufuata ukuta wa kushoto, ijayo linafuata wa kulia. Ukifanya hivyo, viungo vya wima vinapishana vyenyewe. Viungo vikipandana mstari mmoja kutoka chini hadi juu, umechora njia ya ufa.

Kukata nusu, gonga taratibu pande zote nne kwa ncha ya nyundo, kisha pigo moja la nguvu. Utaharibu kadhaa, ndiyo maana nilisema 80 wakati ukuta wenyewe unakula kama 76.

Hatua ya 6: Kulaza

Matofali yachovye kwenye maji kwanza. Tofali kavu lina kiu, litafyonza maji ya udongo kabla halijashika. Tandaza udongo wa kutosha matofali mawili au matatu, unene wa sm 2 hivi. Paka kichwa cha tofali, ule upande wake mdogo, lilaze, lisukume kuelekea mwenzake, gonga kwa mpini wa mwiko mpaka kiungo kibaki kama sm 1.5. Unaochomoza nje ukate kwa mwiko, uurudishe kwenye karai.

Kichwa kipakwe chote. Mtaani kuna ugonjwa wa kupaka kidogo kwa mbele ili ukuta upendeze kwa nje, na ndani kubaki pengo. Upepo wa Iringa wa Julai utakuonyesha mapengo hayo usiku wa kwanza utakaolala humo.

Tofali likishashika usilitikise ili kulinyoosha. Ling'oe, kwangua, weka udongo mpya.

Hatua ya 7: Jenga kona kwanza

Hapa ndipo ufundi ulipo. Saiti, fundi hujenga kona, halafu aliyeanza juzi anajaza katikati akifuata uzi. Wewe utafanya yote mawili.

Chukua ule ubao, chora alama kila baada ya sm 9.5, yaani tofali sm 8 na kiungo sm 1.5. Pandisha kona kozi tatu kwa mtindo wa ngazi, kila kozi fupi kuliko ya chini yake. Fanya hivyo pia kwenye ncha mbili za ukuta. Simamisha ubao: kila kozi igonge alama yake. Kisha shusha timazi, pima upenyo kati ya uzi na ukuta juu na chini. Ukiwa sawa, kona imesimama. Rudia upande wa pili wa kona, kwa sababu ukuta unaweza kunyooka huku na kulala kule.

Vuta uzi kutoka kona hadi ncha, usawa wa juu wa kozi, ujaze katikati. Tofali lisiguse uzi, liache mwanga mwembamba kama unene wa kadi ya simu. Likigusa, linausukuma, linalofuata linausukuma zaidi, na ukuta unaota tumbo.

Mimi nilishaota tumbo hilo. Mwaka wangu wa kwanza niliachiwa ukuta wa choo, nikaona uzi unanichelewesha, nikajenga kwa macho. Kutoka nilipokuwa nimesimama ulinyooka kabisa! Mzee aliyekuwa akinifundisha alikuja, hakusema neno, akauwekea mguu, akausukuma ukiwa bado mbichi. Chakula cha mchana siku hiyo nilikila saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 8: Bomoa

Kabla ya kubomoa, weka ubao ukutani kwa mshazari, uone mwanga unapita wapi, uandike makosa. Kisha angusha, kwangua matofali, anza upya. Wanagenzi wangu wengi huhitaji kuta tatu au nne.

Hatua ya 9: Sasa saruji

Ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga, au mfuko wa kilo 50 kwa toroli tatu hivi. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji. Koroga kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja na nusu, ukichelewa usiongeze maji kuufufua. Vaa glavu, saruji inakula ngozi. Ukuta ulioujenga umwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7, na upepo ukiwa mkali uufunike kwa magunia yaliyoloa.

Anza na kitu kisichobeba paa: tuta la bustani, kizimba cha taka. Msingi na lenta ya nyumba (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) mwite aliyezoea, wewe ushike karai na uangalie mikono yake. Na mwiko uoshe kabla hujaenda kula. Saruji ikikauka pale shingoni, kesho utakuwa mzito mkononi na kila tofali litakaa upande.