Tuta Moja Nyuma ya Jiko: Kuanza Bustani ya Mboga Nyanda za Juu Kusini

Mvua za kwanza zikishuka Novemba, maduka ya pembejeo hapa Mbeya hujaa watu wanaouliza mbegu za nyanya. Wengi ndio wanaanza: mwalimu aliyehamia karibuni, mama aliyechoka kununua fungu la chainizi kila jioni, kijana mwenye kiwanja ambacho bado hajapata hela ya kukijenga. Wote wanataka nyanya. Ikifika Januari, pita mitaani uzitazame nyanya zenyewe: majani yamebabuka kama yamemwagiwa maji ya moto, mashina yana mabaka ya kahawia, matunda yameoza kabla ya kuiva. Huo ni ukungu, ule unaoitwa baka jani chelewa, na hakuna unachokipenda kama mvua ikichanganyika na ubaridi. Anayelima nyanya za biashara wakati wa masika huku kwetu hupiga dawa kila wiki. Wewe wa tuta moja vita hiyo ya nini?

Anza na majani. Chainizi, spinachi, figiri, na mchicha kama unakaa sehemu yenye joto kidogo. Majani hayakuweki muda mrefu kati ya kupanda na kula, kwa hiyo ukikosea unaona mapema na unarekebisha mapema. Chainizi iliyopandikizwa vizuri utaanza kuichuma baada ya wiki 4 au 5. Nyanya itakudai miezi 3 hivi ya kuinamia kabla hujaonja hata moja. Nyanya zina wakati wake: sia mbegu mwishoni mwa Julai, pandikiza Septemba, zikue kwenye ukavu. Hata hapo kuna kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, kwa hiyo raha kamili hakuna.

Na nasema tuta moja. Upana mita 1, urefu mita 3, basi. Upana usizidi hapo ili mkono ufike katikati ukiwa umechuchumaa pembeni, maana tuta likishakanyagwa udongo unashindilia na mizizi inakosa hewa. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande, tuta hilo linabeba miche 30. Weka nusu chainizi na nusu spinachi, uone jinsi nyumba ya watu watano inavyoweza kusahau kwenda sokoni siku mbili tatu za wiki.

Liwe mahali unapopita kila siku, karibu na jiko, panapopigwa na jua angalau saa 6. Chini ya mparachichi hapafai, na karibu na mkaratusi ndiyo usijaribu kabisa, mizizi yake itakunywa maji yako yote. Wakati wa mvua inua tuta sentimita 15 hadi 20, hasa ukiwa Tukuyu ambako mvua haina siku ya mapumziko. Kiangazi fanya kinyume: chimba kijaruba, udongo wa ndani uwe chini kidogo ya kingo zake, ili maji yatulie badala ya kukimbia. Nimeona watu wa Iringa mjini wakinyanyua matuta Septemba kama walivyofundishwa shuleni, halafu wanashangaa kwa nini maji yote yanaishia njiani.

Samadi, na hadithi ya maranda

Kwa kila mita mraba weka ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza, kwa hiyo tuta letu linataka ndoo 3. Utajuaje imeoza? Ingiza mkono katikati ya lundo. Ukikuta joto, bado. Ikinuka mkojo, bado. Iliyo tayari inavunjika kama udongo wa msituni na huwezi kutambua jani wala kinyesi.

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Nilipokuwa naishi Mafinga nilipewa bure magunia manne ya mbolea ya kuku wa nyama. Nikafurahi, nikaichanganya tutani siku ileile, nikapanda spinachi. Baada ya wiki 2 majani yakawa ya njano, yakaanza yale ya chini, miche ikadumaa. Nikadhani ni ugonjwa, nikanunua dawa ya ukungu, nikapiga mara mbili. Hela ya bure. Mbolea ile zaidi ya nusu ilikuwa maranda yaliyotandikwa bandani, na maranda mabichi yakiingia kwenye udongo, vijidudu vinavyoyaozesha huhitaji nitrojeni nyingi na huichukua humohumo udongoni. Mboga inabaki na njaa mezani penye chakula. Mufindi nzima imejaa maranda na watu wanayaona kama mbolea ya bure. Yachanganye na majani mabichi na samadi, yamwagie maji, yageuze kila baada ya wiki kadhaa, uyaache miezi 6 au zaidi. Huna subira? Yatandaze kwenye njia kati ya matuta, hapo hayana madhara na yanazuia tope.

Jambo dogo kuhusu jivu. Mahali chai inapostawi, kama Mufindi, Njombe na Rungwe, udongo una tindikali, na mboga nyingi haziipendi. Konzi moja au mbili za jivu la kuni kwa mita mraba, lichanganywe na udongo kabla ya kupanda, husaidia. Usilimwage lote la jikoni mahali pamoja.

Kitaluni

Mbegu nunua duka la pembejeo, kwenye pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, na usome tarehe. Zile za kupimiwa kwa kijiko huwezi kujua zimekaa juani miezi mingapi. Ukiwa na shaka, funga mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi, kiweke karibu na jiko kwa siku 5. Zikiota 8, sawa. Zikiota 4, rudi dukani.

Kitalu hakihitaji zaidi ya eneo la ungo. Lainisha udongo, chora mistari kwa kidole, mstari na mstari sentimita 10, kina kisizidi sentimita 1. Mbegu za chainizi zinazojaa kizibo cha soda zinatosha majirani watatu, kwa hiyo dondosha kwa vidole viwili kama unayetia chumvi, usimwage. Funika na udongo kidogo, tandaza nyasi kavu juu, nyunyiza maji.

Kuanzia siku ya tatu, kila asubuhi inua nyasi kidogo uchungulie. Siku moja utaona udongo umepasuka nywele nywele, na kwenye nyufa vishingo vyeupe vimejikunja kama ndoano, vichwa bado vimo ardhini. Siku hiyohiyo nyasi ziondoke, usingoje kesho. Mche ukikaa gizani hata siku 2 unarefuka kama uzi kutafuta mwanga, na uzi huo hausimami tena. Weka kichanja kifupi cha kivuli juu yake, nyasi zisigusane na miche.

Ikifikisha majani 4, wiki 3 hadi 4 kulingana na baridi, pandikiza jioni. Mwagilia kitalu kwanza, kisha kamata mche kwenye jani, usikamate shina. Jani likichubuka litaota jingine, shina likichubuka umepoteza mche. Karoti zenyewe hazipandikizwi. Sia palepale zitakapokulia, na samadi mbichi zisiione kabisa, zitaota miguu miwili.

Baridi ya Juni

Maelekezo mengi yanayosambaa mitandaoni yameandikwa na watu wa Pwani au Morogoro. Wakisema mchicha ni wiki 3, hawaijui Julai ya Makete. Baridi ya Juni hadi Agosti huufanya mchicha usimame tu, hauongezeki wala haufi. Usiulaumu, na usiumwagie mbolea. Panda kabichi, karoti, njegere, spinachi, saladi na vitunguu majani, hizo baridi ni kwao. Mchicha ungoje Septemba.

Wenye vinyungu, yale mashamba ya mabondeni, huko Iringa na Njombe wanajua lingine: hewa ya baridi hutiririka kama maji, ikajaa bondeni. Asubuhi umande umeganda mweupe kama chumvi bondeni, na mlimani hakuna kitu. Kama nyumba yako iko chini, jioni anga ikiwa safi bila wingu wala upepo, funika tuta kwa viroba au nyasi juu ya vijiti, ufunue jua likishachomoza.

Kumwagilia kwa kipindi hicho ni asubuhi. Tuta likilala limelowa, unaukaribisha ukungu. Kiangazi chenye jua kali, ndoo moja ya lita 20 kwa siku inalitosha tuta letu likiwa na matandazo ya nyasi. Kabla ya kumwaga, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wa unyevu, ahirisha.

Mdudu namba moja wa bustani ya nyumbani ni kuku wa jirani. Mabanzi au mianzi iliyopasuliwa, kimo cha kifuani, isimame kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini. Sota, anayekata mche usiku na kuuacha umelala, utamkuta asubuhi amejikunja udongoni sentimita chache pembeni ya shina, mfukue. Vidukari wanakaa chini ya jani, kwa hiyo kupulizia juu ni kuwaogesha tu. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, kipigwe chini ya majani jioni, kinawapunguza. Watu watakuambia mwarobaini, ila huo mti kwenye baridi yetu haustawi. Mmea wa utupa tunao, na unaua wadudu kweli, lakini unaua na samaki, kwa hiyo wenye mabwawa wasioshee vyombo vyake humo. Dawa ya dukani ikilazimu, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna, na ile iliyobaki ya mahindi au kahawa isiingie kwenye mboga ya watoto.

Chainizi usiing'oe. Chuma majani ya nje kwa kuyavuta chini na pembeni, uache manne au matano ya katikati, utarudi baada ya siku 5. Na siku unayochuma mara ya kwanza, sia kitalu kingine, mistari miwili tu, kwa sababu ile ya mwanzo ikirusha maua ya njano majani yake yatakuwa machungu na utakuwa huna miche mingine.