Jinsi ya Kuisoma Historia ya Château Gaillard katika Magofu Yake

Magofu ya Château Gaillard yako juu ya mji wa Les Andelys huko Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, yakiutazama mto Seine kutoka kimo cha takriban mita 90. Anayetaka kuielewa ngome hii asikimbilie mnara mkuu, bali aanze kwa kusimama ukingoni na kulitazama bonde. Mto unapinda pale chini ukielekea Rouen, mji mkuu wa Normandy, na ni kwa ajili ya kumzibia njia hiyo Mfalme Philippe II wa Ufaransa kwamba Richard I, mfalme wa Uingereza aliyekuwa pia mtawala wa Normandy, aliijenga kati ya 1196 na 1198. Ardhi ilikuwa ya askofu mkuu wa Rouen, aliyepinga vikali hadi alipopewa fidia, ukiwamo mji wa bandari wa Dieppe.

Baada ya hapo nenda upande wa kusini-mashariki, ambako kilima kimeungana na nyanda za juu. Pande nyingine ni miteremko mikali, kwa hiyo adui hakuwa na njia nyingine ila hii, na ndiyo sababu ua wa kwanza una umbo la pembetatu, ncha yake ikimwelekea yeye. Philippe aliizingira ngome kuanzia 1203. Wachimbaji wake walitoboa mwamba laini chini ya msingi wa mnara wa nchani, wakauegemeza kwa magogo, kisha wakayachoma, nao ukaporomoka.

Hapo usiharakishe. Itazame miteremko ya pembeni, kwa kuwa ndiko walikokwama raia waliokimbilia ngomeni na kisha kutolewa nje na kamanda Roger de Lacy ili kuokoa chakula. Wafaransa hawakuwaruhusu kupita, na wengi walikufa kwa njaa na baridi kati ya majeshi mawili. Simulizi yoyote ya ngome hii inayowaacha watu hawa haijakamilika.

Katika ua wa pili tafuta mahali palipokuwa na kanisa dogo lililoongezwa na Mfalme John, mrithi wa Richard. Husimuliwa kwamba askari wachache walipenya kupitia dirisha lake, ingawa wengine hutaja tundu la choo. Kisha chunguza ukuta wa ua wa ndani, uliojengwa kwa mbinuko za mviringo zilizopangwa mfululizo ili kuyapunguzia nguvu mawe ya mitambo ya vita. Hata huo ulibomolewa, na ngome ikaanguka tarehe 6 Machi 1204. Rouen ikasalimu amri mwezi Juni.

Hata hivyo, usidhani kila pengo unaloliona ni jeraha la vita hivyo. Ngome ilikarabatiwa na kutumika kwa karne nyingine kadhaa, na uharibifu mwingi ulifuata amri ya Mfalme Henri IV wa Ufaransa ya kuibomoa, iliyotolewa mwishoni mwa karne ya 16, ambapo mawe yake yalichukuliwa kwa ujenzi mwingine.